Taa Iliyong'olewa kwenye Gari la Asali

Nyie vijana mnaoshika spana leo, kabla hamjafungua boneti ya gari la mtu, ingieni ndani mkae kwenye kiti cha dereva. Geuza ufunguo bila kuwasha injini, halafu tazama dashibodi. Ile taa ya njano yenye mchoro wa injini lazima iwake. Ukishawasha injini, izime yenyewe. Isipowaka kabisa, usimpongeze mwenye gari. Toka nje, kaa chini, ujiulize nani aliing'oa na alikuwa anaficha nini.

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na ningependa niishie hapo hapo. Lakini mmenitumia ujumbe mkiniomba niwaandikie neno nyie mnaomaliza kujifunza ufundi hapa Mpanda. Mlisema niwape moyo. Moyo wa kugawa sina. Nina mambo niliyoyaona, na mengine ningeomba nisingeyaona.

Kwa wasionijua, jina langu Beda. Nimekuwa fundi umeme wa magari tangu enzi ambazo magari mengi ya Katavi yalikuwa ya dizeli, injini ngumu ambazo ukizipa mafuta na hewa zinatembea, hazina habari na kompyuta. Gereji yangu ilikuwa Ilembo. Upande mmoja ulikuwa na ukuta wa mabati, upande wa pili shamba la mahindi la jirani, na kila masika mahindi yalikuwa yanachungulia kazi zetu. Mgongo uliponikatalia kuinama nikaacha. Sasa nafuga kuku. Kuku hawana waya, nawapendea hilo.

Aliyenifundisha aliitwa fundi Leonsi, Mfipa mmoja mfupi asiyecheka. Ukimpelekea gari hafungui boneti. Alikuwa anakaa kiti cha nyuma, anafumba macho, anamwambia mwenye gari aendeshe mpaka Kasokola na kurudi. Sisi wanafunzi wake tulibanwa pembeni yake na sisi tumefumba macho. Mkirudi anauliza kila mmoja amesikia nini. Ukisema hukusikia kitu, siku hiyo kazi yako ni kufua matambara ya grisi.

Aliwahi kuja mtu na pikapu lake. Alisema kila akifika karibu na makaburi, gari linazima. Lilikuwa limeshanyunyiziwa maji ya baraka mara mbili na bado linazima pale pale. Leonsi alikaa nyuma, akafumba macho, wakaenda. Kumbe hatua chache kabla ya makaburi kuna tuta, na gari likiruka lile tuta, kichwa cha betri kilicholegea kinaachia. Akakaza kwa spana namba kumi, akamwambia yule bwana, "Mwambie Padre apumzike, sasa hii ni zamu yangu."

Neno lake alilotuachia ni hili: kinacholalamika si lazima kiwe ndicho kinachoumwa. Alilisema mpaka tukalichoka. Leonsi alikufa maskini. Kwenye mazishi yake nilitazama huku na huku nikitafuta wateja wake, sikuwaona. Magari yao yalikuwa mazima, walikuwa safarini.

Baadaye yakaja magari ya petroli yenye kompyuta. Wengi wetu tuliyaogopa, mimi nikayapenda. Na katika vyote vilivyomo kwenye magari hayo, kilichonishangaza zaidi ni kitu kidogo kama nati nene, kilichofungwa kwa bolti kwenye ubavu wa bloku, ule mwili wa chuma wa injini. Kwenye injini za V6 kimelala bondeni kabisa, katikati ya safu mbili za silinda, chini ya manifodi, yale mabomba yanayoingiza hewa. Tunakiita noki sensa. Kazi yake ni kusikiliza. Petroli ikiwa mbovu, au injini ikipata joto kupita kiasi huku ina mzigo, mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda, na chuma kinagongwa kwa ndani, ndiko tunakoita kunoki. Sensa inausikia mlio ule kabla ya sikio lako na langu. Inapeleka habari kwenye kompyuta, kompyuta inachelewesha cheche za plagi kidogo, na mlio unaisha. Ni kama mpishi anayetoa kuni moja chungu kinapotaka kufurika. Dereva hajui lolote, anaendelea na safari yake anaimba.

Sasa shikeni hili. Sensa ile inatoa umeme mdogo sana, kwa hiyo waya wake si waya wa kawaida. Umevikwa wavu mwembamba wa chuma ili kelele za umeme wa plagi zisiuingie. Ukiukata ukaunga kwa waya wa spika, kompyuta itasikia kelele za plagi na kuchanganyikiwa. Kompyuta ikishapoteza imani na sensa yake inafanya kama mtu mwoga gizani: inachelewesha cheche moja kwa moja kwa usalama, gari linakuwa zito, mlima linaupanda kwa manung'uniko. Na inawasha ile taa ya njano.

Ukiunganisha mashine ya kupima, itakwambia tatizo liko kwenye mzunguko wa noki sensa. Mzunguko, wanangu. Haikusema sensa. Mzunguko ni sensa, na soketi yake, na waya, na wavu wa waya, na ethi, ule waya unaorudi kwenye bodi, mpaka kontroboksi, yaani ile kompyuta yenyewe. Lakini nyie mkiona neno sensa mnakimbilia dukani. Mnarudi na mpya, mnafunga, mnafuta taa, mnapokea mkono wa mwenye gari, na kesho yake amerudi.

Nimeona mengi kwenye sensa hiyo. Kuna fundi mmoja pale jirani na stendi, mtu mwema, aliipaka sensa gundi ya gasketi kabla ya kuifunga ili isilegee. Sensa inatakiwa ikae juu ya chuma kitupu, safi, na bolti ikazwe kwa kipimo chake. Iliyolala juu ya gundi ni sawa na mtu aliyejifunika blanketi mpaka kichwani halafu unamlaumu hakuitika. Mwingine alitaka kuijaribu akaipiga nyundo. Ukitaka kuijaribu, gonga chuma cha bloku karibu nayo, taratibu, kwa spana ndogo, huku mita imeunganishwa. Ikihisi, mshale utacheza. Yule wa nyundo sensa yake haikucheza tena.

Haya, nimezunguka vya kutosha. Nije kwa dada yangu, maana ndiko ninakokwepa kwenda.

Gaudensia ni mkubwa wangu. Mama alipofariki ndiye aliyenilea, na kazi yake ilikuwa asali. Alikuwa anaingia pori la Ugalla kununua kwa warina asali, anarudi Mpanda kuuza. Sanduku langu la kwanza la spana lilitoka kwenye asali yake. Kwa miaka mingi alisafiri juu ya malori ya watu, amekaa juu ya ndoo zake, anarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Mpaka siku moja akaja na gari lake mwenyewe, la mtumba, la petroli, V6, refu la nyuma. Aliendesha mwenyewe. Alipoliegesha mbele ya gereji yangu hakushuka mara moja. Alikaa ameshika usukani, ananitazama kupitia kioo, na mimi nikajua anataka nimtazame vizuri. Nilimtazama.

Masika ya kwanza njia ya Ugalla ilijaa maji. Gari likawa linakohoa kila likivuka dimbwi. Mtu akamwambia maji yanaingia kwenye soketi za waya. Gaudensia akarudi nyumbani, akayeyusha nta, akaziba kila soketi ambayo mkono wake ulifika. Msimcheke. Nta ndiyo anayoijua. Ndoo ikipata ufa anaziba kwa nta, kibuyu kikitoboka nta, mzinga ukiachia nta. Na maji kweli hayakuingia tena. Lakini gari lilikuwa linalala ubavuni mwa stoo ya asali, na panya wa stoo ile walikuwa wanaijua harufu ya nta kuliko mimi ninavyoijua harufu ya petroli. Walifuata nta mpaka nyuma ya injini, wakaona pana joto, wakashuka bondeni chini ya manifodi, wakajenga. Na panya akishajenga lazima atafune. Pale chini cha kutafuna ni waya wa noki sensa.

Taa ilipowaka mimi sikuwepo. Nilikuwa Tabora nikimuuguza mke wangu, ambaye alipona, namshukuru Mungu, na hilo ndilo jema pekee ninalolikumbuka la msimu ule. Gereji nilimwachia Maganga.

Maganga wengi wenu mnamjua, na wengine mnamwita bosi. Nilimpokea akiwa hajui fyuzi na rilei. Mikono yake ni myepesi, na mdomo wake ni mwepesi zaidi. Nilimfundisha kila nilichofundishwa na Leonsi, isipokuwa kufumba macho, maana hakuwa na subira ya kukaa kiti cha nyuma. Alipoiva nikamfanya mwenzangu wa gereji. Shukrani ya punda ni mateke, walisema wa kale, na wala sikuwa nimesimama nyuma ya punda, nilikuwa Tabora.

Gaudensia alipompelekea gari, Maganga alisoma namba kwenye mashine akabadilisha sensa. Taa ikarudi. Akatafuta nyingine iliyotumika, akafunga. Taa ikarudi. Safari hii aliuona waya uliotafunwa, akaunga kipande cha waya wa spika, akazungushia tepu. Taa ikarudi. Ndipo akafungua dashibodi na kuing'oa balbu ya taa.

Lakini dada yangu si mjinga. Alirudi akasema, "Maganga, taa imezima ila gari bado nzito. Mlima wa kutokea kule umenitoa jasho."

Hapo Maganga akafanya kile alichokifanya. Akachukua rezista, kitu kidogo kama mbegu ya mtama, akakifunga kwenye waya jirani na kontroboksi ili kompyuta idhani sensa ipo, imetulia, haijasikia lolote baya. Kompyuta ikaamini. Ikaacha woga, ikarudisha cheche mahali pake, na gari likaruka. Gaudensia akatoka gerejini anacheka. Mjini akawaambia watu Maganga ana mkono wa dawa.

Nilirudi kutoka Tabora kwa treni, nikamkuta dada ananisubiri na gari lake stesheni. Alikuwa anataka nione lilivyo jepesi. Nikakaa mbele. Alipogeuza ufunguo, kabla injini haijawaka, jicho langu likaenda kwenye dashibodi lenyewe, kwa mazoea. Taa ya betri imewaka, ya oili imewaka, ya injini kimya.

"Zima," nikamwambia. "Washa swichi tena."

Akawasha. Kimya.

"Dada, nani alishika hii gari?"

"Maganga. Nani mwingine, na wewe hukuwepo?"

Kesho yake nililiingiza gereji. Nawaeleza nilivyofanya ili mjue njia, ingawa njia yenyewe haikunifikisha popote. Nilianza mwisho wa mzunguko, kwenye kontroboksi, si kwenye sensa. Nilichomoa soketi pale, nikaweka mita, nikapima kuelekea kwenye sensa. Kipimo kilikuwa kizuri. Nikautikisa waya kwa urefu wake wote, kipimo hakikutetereka hata kidogo. Jueni hilo: waya wa gari lililopita Ugalla masika mbili ukiutikisa lazima useme kitu. Usiposema kitu, kuna mtu anasema badala yake. Nikafuata kwa vidole, nikaikuta ile rezista chini ya tepu nyeusi. Nikaikata. Kipimo kikapotea.

Nikaja nyuma ya injini kwenye soketi ya kati. Nikaikuta imejaa nta, imeyeyuka kwa joto ikaingia mpaka kwenye pini. Nikafungua manifodi. Kule bondeni palikuwa na maganda ya mahindi, manyoya, vinyesi vya panya, na waya umebaki nyuzi, halafu kipande cha waya wa spika mwekundu na mweusi kimelala katikati. Harufu yake sitaisahau, asali na mkojo wa panya.

Nikawaita wote wawili, Gaudensia na Maganga, nikawaonyesha.

"Sasa ina shida gani?" Maganga akasema. "Si inatembea? Fundi, mteja halipii kutafuta. Analipia kubadilisha."

"Injini haina sikio. Ikipata mafuta mabovu itajiua yenyewe na hakuna atakayejua."

"Toka lini hapa tukapata mafuta mabovu?" akasema, na wanafunzi wakacheka, kwa sababu kila mtu anajua kule vijijini petroli inauzwa kwenye chupa, na kwenye chupa huwa kuna mafuta ya taa.

Sikucheka. Nikamgeukia dada yangu. Nikamwambia nahitaji waya wenye wavu, wa kunyofoa kwenye gari bovu la aina yake, na kuna fundi Tabora atanitumia kwa treni. Nikamwambia avumilie gari lilale.

Gaudensia alikuwa ametazama injini yake iliyo wazi, manifodi iko chini juu ya gunia. Aliongea polepole.

"Warina wameshaanza kutoa. Wanunuzi wa nje wameingia na malori toka juzi. Nikikaa hapa nasubiri waya wako, nikifika nitakuta nta tupu."

"Dada, nielewe."

"Nakuelewa, Beda. Ila wewe ukishika gari linakuwa vipande. Maganga akishika linatembea." Kisha akamwambia Maganga, pale pale, ndani ya gereji yangu, "Rudisha kama ilivyokuwa."

Na Maganga akarudisha. Alirudisha haraka na vizuri, kwa mikono niliyoifundisha mimi. Mimi nilikaa kwenye tairi nikamtazama. Mnaniuliza kwa nini sikumfukuza? Gari si langu. Mwenye gari amesema. Na aliyesema ndiye aliyeninunulia spana.

Nilimwomba jambo moja tu. Nikamjazia madumu ya petroli ya kituoni, nikamwambia, "Usiweke ya chupa. Hata ukibaki na tone, usiweke."

Alikaa Ugalla kuliko alivyopanga kwa sababu asali ilikuwa nyingi mwaka ule na yeye ni mtu wa kuheshimika kule, warina walimsubiri. Alizunguka kambi hadi kambi na madumu yakaisha. Akaweka ya chupa. Akapakia gari mpaka springi zikalala, akaanza kurudi. Alinieleza baadaye kwamba kwenye mwinuko alisikia mlio kama kokoto zinazotikiswa kwenye debe. Akadhani ni ndoo za asali zinagongana nyuma. Alisimama akazipanga upya, akaweka majani katikati ya ndoo, akaendelea. Mlio ukaendelea. Akatazama dashibodi kama nilivyomfundisha zamani. Hakuna taa. Kwa uchovu hakukumbuka kwamba balbu yenyewe haipo, akasema basi ni ndoo.

Gari lilikufa kwenye mwinuko uliofuata, moshi wa bluu nyuma, oili chini. Malori ya wale wanunuzi wa nje yalimkuta pale. Waliinunua asali yake yote barabarani kwa bei waliyoipanga wao, maana mwanamke aliye peke yake porini na ndoo za asali hana bei yake. Yeye walimpa kiti cha mbele bure. Aliniambia hilo la kiti mara nyingi kuliko la asali.

Nililivuta gari mpaka Ilembo nikafungua injini. Nataka kila mmoja wenu siku moja afungue injini iliyogongwa kwa ndani akiwa na mwenye gari pembeni. Pistoni mbili zilikuwa zimemeguka kingo, nyingine ina tundu ambalo kidole kinapita. Plagi zake zimeyeyuka ncha. Niliziweka juu ya meza, na pembeni nikaweka ile rezista. Usipoziba ufa utajenga ukuta, hiyo tunaijua wote toka shule, lakini pale hapakuwa na ukuta wa kujenga, nyumba yote ilikuwa chini.

Maganga alikuja akatazama. "Injini zote hunoki, fundi," akasema. "Mafuta mabovu hayo."

Kilichoniuma, na kinaniuma mpaka leo, ni kwamba hakusema uongo. Mafuta yalikuwa mabovu. Mafuta yetu ni mabovu siku zote, ndiyo maana injini imewekewa kitu cha kuyasikiliza. Watu waliokuwa pale walitikisa vichwa kumkubalia, na Gaudensia naye akatikisa kichwa. Alikuwa ameshika kitambaa chake cha kichwa mkononi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Ungekuwepo ilipowaka mara ya kwanza." Kitanda cha mke wangu Tabora yeye mwenyewe alikijua.

Hakuwa na uwezo wa injini nyingine. Aliliuza lile gari, bodi tupu, kama chuma chakavu, na aliyelinunua ni Maganga. Siwezi kusema alilipania, labda aliona bodi nzuri tu. Akatafuta injini iliyokwisha tumika kutoka Dar, akaifunga, akatoka kwenye gereji yangu akafungua yake mwenyewe kwenye barabara kubwa, yenye sakafu ya saruji na bango la rangi. Wateja wangu wakahamia kule. Kule gari likiingia asubuhi jioni linatoka, taa zote zimezima. Nyie wenyewe mnajua, wengi wenu mmejifunzia pale. Mkisoma hapa mtasema mzee ana wivu. Nina wivu, ndiyo. Wivu haubadilishi kipimo cha mita.

Dada yangu amerudi kwenye asali ya kubeba. Ananunua ndoo mbili tatu, anauza sokoni na vijijini karibu na mjini. Tunasalimiana baada ya misa. Ananiuliza kuku wanaendeleaje.

Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama kwenye njia ya kwenda Kasokola, nasubiri mtu wa pumba za kuku. Nikasikia gari linapanda nyuma yangu. Sikugeuka kwanza. Nilifumba macho, mazoea ya Leonsi hayaniachi. Nikasikia kokoto kwenye debe.

Nilipogeuka nikaliona lile gari, rangi mpya, bodi ile ile, limejaa abiria. Dereva kijana, hanijui. Nikampungia mkono akasimama, akidhani napanda.

"Mwanangu, hii gari inagonga. Umeweka mafuta wapi?"

"Pale kwa jamaa wa chupa, mzee. Kituoni pana foleni."

"Zima injini kidogo, halafu washa swichi tu. Nataka kuona taa."

Alikuwa kijana mwenye adabu. Alizima, akawasha swichi. Taa ya betri, taa ya oili. Pale pa injini palikuwa peusi, kama palivyokuwa stesheni siku ile.

"Umeona, mzee?" akasema kwa furaha. "Toka bosi anipe hii gari hiyo taa haijawahi kuwaka. Chuma nzima."

Ndipo nikaona ni nani aliyekaa kiti cha mbele pembeni yake. Gaudensia alikuwa amepakata ndoo ya asali, mfuniko wake umezungushiwa nta. Alikuwa anaitazama dashibodi. Aliitazama muda mrefu, na najua alikuwa anatazama pale pale nilipokuwa natazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha.

"Dada," nikasema. "Shuka."

Nyuma abiria walianza kunung'unika kwamba wanachelewa. Mmoja akasema wazee wa siku hizi wana maneno.

Gaudensia akaivuta ndoo karibu na tumbo lake. "Nimeshalipa nauli, Beda," akasema. "Mwache aondoe gari."

Nikasogea pembeni. Niliisikia injini ikigonga mpaka walipopinda kwenda Kasokola.